Kupiga Picha za Vito Vilivyotengenezwa kwa Mkono kwa Ajili ya Jopo la Majaji: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Majaji wanaochagua nani apewe kibanda kwenye maonyesho ya kazi za mikono hawaishiki pete yako. Hawapimi uzito wa bangili kiganjani, hawausikii mkufu ukiteleza vidoleni, wala hawaigeuzi hereni kuona umeimaliza vipi kwa nyuma. Wanachokiona ni picha nne au tano za kazi yako pamoja na moja ya kibanda chako, zimepangwa safu moja kwenye skrini, bila jina lako, kwa muda mfupi ambao mara nyingi ni sekunde tu. Kisha safu inaondoka na ya mtu mwingine inaingia.

Katika maonyesho mengi ya kazi za mikono, vito ni fani yenye ushindani mkali kuliko nyingine, na waandaaji huweka kikomo cha vibanda vya vito ili onyesho zima lisijae pete na mikufu. Tumezoea kusema kizuri chajiuza. Mbele ya jopo methali hiyo haikusaidii, maana kizuri chenyewe hakipo. Ipo picha yake.

Kwa hiyo shika hili tangu mwanzo: hupigi picha tano, unaunda safu moja. Uamuzi kuhusu mwanga, mandharinyuma, ukubwa wa kito ndani ya fremu na hata kito kipi kibaki nyumbani, wote unatokana na hapo.

Hatua ya 1: Chagua vito kabla ya kugusa kamera

Anza na masharti ya onyesho. Yasome yote hadi mwisho: picha ngapi, faili ya ukubwa gani, picha ya kibanda inatakiwa au la, mtu aliyevaa kito anaruhusiwa au la, kazi iwe ya kipindi gani. Huko Marekani maonyesho mengi hupokea maombi kupitia mfumo wa intaneti uitwao ZAPP, uliochukua nafasi ya slaidi za filamu zilizokuwa zikitumwa kwa posta. Baadhi ya majopo hutoa alama kuanzia 1 hadi 7 huku 4 ikiondolewa kwa makusudi, ili jaji asijifiche katikati. Ukiwa na mfumo wa namna hiyo, picha moja dhaifu inaweza kushusha safu nzima kutoka 5 hadi 3, hata kama zile nyingine ni nzuri.

Sasa panga mezani vito unavyojivunia, halafu anza kupunguza. Kishawishi kikubwa ni kuonyesha kila unachoweza kufanya: pete ya fedha iliyofuliwa, hereni za shanga, kidani cha enameli, bangili ya waya wa shaba. Kwako huo ni upana wa ujuzi. Kwa jaji asiyekujua ni kazi za watu wanne tofauti. Chagua vito vinavyotoka kwenye mkono mmoja kwa namna inayoonekana: ufundi ule ule, malighafi zile zile au zinazofanana, wazo moja linalojitokeza kwa maumbo tofauti. Ikiwa unafanya kazi za aina mbili zisizokutana, angalia kama onyesho linaruhusu maombi mawili, na kila aina uiombee peke yake.

Ndani ya mkono huo mmoja ndipo uweke tofauti: mkufu mmoja, bangili moja, jozi ya hereni, pete, pengine bruchi. Kito chenye mvuto mkubwa zaidi kiweke mwanzoni, kingine chenye nguvu mwishoni, na kile kikubwa kwa umbo, kwa kawaida mkufu, kikae katikati. Chora safu yako kwenye karatasi kwa visanduku vitano na uweke alama kila kito kitaelekea upande gani. Cha kushoto kabisa kikiangalia kulia na cha kulia kabisa kikiangalia kushoto, jicho la jaji litabaki ndani ya kazi yako. Mchoro huo wa penseli wa dakika tano utakuokolea siku nzima ya kurudia picha.

Hatua ya 2: Safisha, kisha safisha tena

Pete yenye upana wa sentimita mbili ikijaza skrini kubwa, unywele mmoja wa kitambaa unakuwa kamba. Fedha hufubaa hata ikikaa kabatini, kwa hiyo ing'arishe siku ile ile ya kupiga picha. Osha kito kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ikiwa malighafi zake zinaruhusu (lulu na mawe laini yenye vinyweleo ufute tu kwa kitambaa chenye unyevu), kausha kabisa, futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na kuanzia hapo usikiguse tena kwa vidole vitupu. Tumia glavu za pamba au kibano chenye ncha za plastiki. Vumbi linalotua baadaye litoe kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo; utaacha matone.

Kagua kwa lenzi ya kukuza. Ukiona mkwaruzo kwenye kito, rudi nacho kwenye benchi ukautoe pale. Usiuachie programu ya kuhariri picha. Mnunuzi atauona.

Hatua ya 3: Mandharinyuma moja kwa picha zote

Ushauri wangu hapa hauna mzunguko: tumia kijivu. Ama kijivu kilekile chote, ama kijivu kinachoanza chepesi chini kilipo kito na kufifia hadi karibu na cheusi juu.

Nyeupe inapendeza kwenye duka la mtandaoni, lakini ikioneshwa kwa projekta kwenye chumba chenye giza inaumiza macho, na kingo za fedha zinapotea ndani yake. Nyeusi nayo inameza fedha iliyotiwa weusi pamoja na vivuli vyote vinavyoonyesha umbo. Mbao, majani makavu, mchanga, vitambaa vyenye nakshi na kokoto vinamlazimisha jaji apoteze sekunde zake akitafuta kito kiko wapi. Viache. Ukuta wa kibanda chako unaweza kuwa na mbao. Picha ya jopo isiwe nayo.

Kijivu kinachofifia si lazima ukinunue kikiwa kimechapwa. Chukua karatasi kubwa ya kijivu isiyong'aa, tandaza sehemu yake mezani na sehemu nyingine uiinue nyuma ikiwa imepinda taratibu bila kukunjwa, ili kusiwe na mstari kati ya meza na ukuta. Weka kito mbele, mbali na pale karatasi inapopanda. Taa ikiwa juu ya kito na karibu nacho, karatasi ya nyuma itaingia gizani yenyewe, kwa sababu mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali na chanzo: umbali ukiongezeka mara 2, unabaki na robo tu ya mwanga. Ukitaka nyuma pawe na giza zaidi, sogeza taa karibu na kito na karatasi ya nyuma iwe mbali. Ukitaka pawe peupe zaidi, inua taa.

Hatua ya 4: Mwanga

Tutakaa hapa kwa muda, kwa kuwa picha nyingi za vito zinazokataliwa hazina kasoro ya kamera. Zina kasoro ya mwanga.

Chuma kilichong'arishwa hakina sura yake kwenye picha. Kinaonyesha kile kinachokizunguka. Ukiipiga picha bangili ya fedha iliyong'aa, umepiga picha dari, dirisha, shati lako na mashine yenyewe ya kupigia. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba fedha yao inatoka nyeusi, ilhali taa ni kali: taa imeangukia kito, lakini kinachoakisiwa kuelekea kwenye lenzi ni chumba chenye giza. Kuongeza taa nyingine hakuponyi hilo. Dawa yake ni kukizungushia kito vitu vyeupe vikubwa vya kuakisi.

Kwa hiyo acha kuuliza taa ielekee wapi. Uliza hivi: kutoka pale lenzi ilipo, uso huu wa chuma unatazama nini? Mwanga huakisiwa kwa pembe ile ile uliyoingilia. Kwa kito bapa jibu ni sehemu moja tu. Weka kadi nyeupe hapo hapo na uso mzima utageuka mweupe laini mara moja. Kwa kito cha mviringo jibu ni karibu chumba chote, hivyo itabidi ukizingire.

Jaribu na kidani kimoja cha fedha chenye tumbo la kuba. Kilaze kwenye karatasi ya kijivu. Juu yake, kwa umbali wa sentimita ishirini hadi thelathini, tandaza kitambaa cheupe chepesi au karatasi inayopenyeza mwanga, yenye upana wa nusu mita hivi, na taa iwe juu ya kitambaa hicho. Tazama kupitia kamera. Taa ikiwa karibu sana na kitambaa, utaona doa jeupe kali juu ya kuba, na kingo zake zinafifia kuelekea kijivu. Iinue taa polepole: doa linapanuka, linalainika, mpaka tumbo lote linakuwa jeupe sawasawa na kuba linapotea, kidani kinaonekana bapa. Mahali unapopatafuta ni katikati ya hali hizo mbili, pale weupe unapoteleza taratibu kutoka upande mmoja wa kuba kwenda mwingine. Mteremko huo wa mwanga ndio unaomwambia jaji kwamba hiki kitu kimefuliwa, kina tumbo, kina uzito.

Sasa chukua kadi nyeusi nyembamba, kama upana wa vidole viwili, uisogeze pembeni mwa kidani nje ya fremu. Mstari mweusi utatokea ukingoni mwa fedha na kuitenganisha na mandharinyuma. Upande wa pili weka kadi nyeupe kufungua kivuli. Umefika: chanzo kimoja kikubwa juu, kadi nyeupe, kadi nyeusi. Ukishaona kadi nyeusi inavyochora ukingo, hutaiacha tena.

Maboksi ya mwanga yanayouzwa tayari, yale ya kitambaa cheupe pande zote, husaidia, lakini ukiyatumia yalivyo, kila upande unatoa weupe ule ule na kito kinakosa uhai. Yatumie kwa kuzima taa za upande mmoja na kuingiza vipande vya kadi nyeusi ndani.

Vaa nguo nyeusi au ya kijivu. Shati jekundu litaonekana kwenye fedha, na utahangaika kutafuta wekundu umetoka wapi. Zima taa za dari, funga mapazia. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa taa ya manjano unatoa rangi mbili juu ya chuma kimoja, na hakuna programu itakayozipatanisha vizuri. Ukitumia taa, ziwe za aina moja, zenye joto la rangi (kipimo cha umanjano au ubluu wa mwanga, kwa kelvini, K) la kati ya 5000K na 5600K na kipimo cha uhalisi wa rangi, CRI, cha 90 au zaidi. Ukitumia dirisha, liwe lisilopigwa na jua moja kwa moja, na picha zote tano uzipige kwenye kikao kimoja, kwa sababu mwanga wa saa tatu asubuhi si ule wa saa kumi jioni, na safu itaonyesha tofauti hiyo.

Hatua ya 5: Mawe, lulu na enameli vinataka mambo yao

Mwanga laini unaopendeza fedha unaua jiwe lililokatwa pembe nyingi. Nyuso zake zinahitaji giza na mwanga kwa pamoja ili zimetemete. Acha mpangilio wako wa hatua ya 4 kama ulivyo, kisha ongeza tochi ndogo ya LED kutoka pembeni au nyuma kidogo, na uizungushe polepole huku ukitazama skrini ya kamera mpaka nyuso zinawaka. Sentimita moja ya kusogeza mkono inaweza kubadili jiwe zima. Jiwe linalopenyeza mwanga lililokaa kwenye kishikizo kilicho wazi nyuma linaweza kuwekewa kipande kidogo cha karatasi ya fedha au nyeupe chini yake, mahali pasipoonekana, ili kurudisha mwanga juu. Opali unaigeuza yenyewe, kwa kuwa rangi zake huja na kuondoka kwa pembe.

Lulu ni kinyume. Tochi huiacha na nukta kali isiyo na kina. Ila ukiizungushia weupe kupita kiasi inakuwa kama shanga ya plastiki. Inataka mwako mmoja laini wenye ukingo unaoonekana, na upande wa pili kivuli chepesi.

Enameli, rezini na mawe laini yaliyosuguliwa hupata mng'ao unaofunika rangi. Badili pembe ya mwanga kwanza. Ikishindikana, kichujio cha polaraizi mbele ya lenzi kitapunguza mng'ao huo. Usitarajie kifanye hivyo kwenye chuma kitupu. Uakisi wa chuma hauondoki kwa kichujio hicho.

Hatua ya 6: Kukisimamisha kito

Pete isimame kwa kijidonge cha nta laini kilichofichwa chini, imegeuzwa kidogo ili uso wake na ubavu wake vionekane kwa pamoja. Hereni ning'iniza kwa uzi mwembamba wa nailoni, halafu uzi uufute kwenye kompyuta, au zilaze mojawapo ikitazama mbele na nyingine imeinama kidogo ili ndoana na upande wa nyuma vionekane. Bangili isimame kidogo, isilale kama kisosi.

Mkufu ndio unaosumbua watu. Mwembamba na mrefu, ukiuonyesha wote unabaki uzi katikati ya uwanja mtupu. Si lazima uonekane wote. Acha mnyororo utoke nje ya fremu juu na usogelee sehemu yenye kazi, ukiupanga kwa kibano kiungo kwa kiungo mpaka mkunjo uwe mmoja, safi, bila sehemu iliyojikunja. Kama kifungo cha mkufu umekitengeneza mwenyewe na ni sehemu ya ubunifu, kizungushe kije mbele. Sanamu ya shingo siipendi kwa picha za jopo, kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kuliko kito na inafanya picha moja isifanane na nyingine nne. Mwanamitindo aliyevaa kito ana faida moja, ya kuonyesha ukubwa. Ikiwa kito chako hakieleweki bila mwili, na masharti yanaruhusu, tumia picha moja ya namna hiyo.

Kito kijaze fremu. Acha nafasi ndogo pembeni kipumue, basi. Lakini kumbuka safu: pete ikijaza fremu sawasawa na mkufu, jaji hajui kipi kikubwa, na ndiyo maana vipimo utakavyoandika kwenye fomu vina umuhimu.

Hatua ya 7: Kamera au simu

Kamera iwe juu ya stendi ya miguu mitatu. Hilo halina mjadala, kwa sababu kamera ikiwa imetulia ndipo unaweza kutumia ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata ya polepole bila picha kutikisika. Tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 hadi 105 inafaa sana: inakuweka mbali kidogo, kivuli chako hakiangukii kito, na uakisi wa kamera kwenye fedha unakuwa mdogo. Tundu la lenzi liwe kati ya f/11 na f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukienda f/22 na kuendelea ukitafuta ukali zaidi, mwanga unapopita kwenye tundu dogo hutawanyika na picha nzima inalainika.

Kwa karibu hivyo, hata f/16 inakupa milimita chache tu zilizo wazi. Lenga mbele ya kito, pale jicho linapotua kwanza, kwa kawaida ukingo wa mbele wa jiwe. Ukitaka kito chote kiwe wazi, piga picha kadhaa bila kusogeza kamera, kila moja ukisogeza fokasi kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kisha uziunganishe kwa programu. Ni kazi ya uvumilivu, na kwa pete ndefu inalipa.

Simu inatosha pia. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, na kwa fomu nyingi hiyo inatosha. Tofauti inatoka kwenye namna ya kuitumia. Futa lenzi. Rudi nyuma na utumie lenzi ya kuvuta ya mara 2 au 3 ikiwa simu inayo, maana lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha sehemu ya mbele ya pete. Kwenye simu nyingi hali ya makro hutumia lenzi pana zaidi ya zote, na simu yenyewe inatia kivuli. Zima hali ya potreti, kwa kuwa ukungu wake ni wa kutengenezwa na hula kingo za mnyororo. Bonyeza na ushikilie skrini mpaka fokasi ifungwe, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole hadi sehemu nyeupe kabisa za fedha zionyeshe tena michoro yake. Simu nayo iwe kwenye stendi.

Kabla ya picha ya kwanza, weka kadi ya kijivu pale kito kilipo na uipige. Utaitumia kusawazisha weupe kwa picha zote za kikao hicho.

Hatua ya 8: Kuhariri bila kudanganya

Sawazisha weupe kwa kadi ya kijivu, rekebisha mwanga, kata fremu, toa vumbi na uzi wa nailoni. Inatosha. Shika kito mkononi mbele ya skrini ulinganishe rangi ya jiwe. Usiongeze ukali wa rangi zaidi ya ulivyo; siku ya onyesho kito halisi kitawekwa mbele ya watu walioiona picha.

Tahadhari na vifaa vya akili bandia vinavyojaza au kubadili mandharinyuma. Vinaweza kuchora upya viungo vya mnyororo au vishikizo vya jiwe, na hapo picha si ya kazi yako tena.

Hifadhi faili asili. Nakala ya kutuma iwe JPEG, kwa nafasi ya rangi ya sRGB (mfumo wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi), kwa pikseli na uzito wa faili uliotajwa kwenye masharti. Usikuze picha ndogo ili ifikie kipimo. Jina lako lisionekane popote ndani ya picha, pamoja na muhuri wako wa fundi ikiwa herufi zake zinasomeka, na usiliweke kwenye jina la faili kama masharti yanakataza.

Hatua ya 9: Ijaribu safu

Panga picha zote tano kwenye ukurasa mmoja wenye rangi nzito, kwa mpangilio wa mchoro wako wa penseli. Simama mbali na skrini, hatua nne au tano. Tazama kwa muda wa pumzi mbili, geuka, ujiulize umekumbuka nini.

Ukikumbuka picha moja tu kwa sababu mandharinyuma yake ni nyepesi kuliko nyingine, hiyo ina kasoro hata kama yenyewe ni nzuri. Geuza safu nzima kuwa nyeusi na nyeupe: tofauti za mwanga zilizojificha nyuma ya rangi zitajitokeza. Angalia vivuli vinaanguka upande mmoja kwenye picha zote. Kisha mwite mtu asiyejua vito umwulize kila kitu ni nini. Akiita pete bangili, au akashindwa kujua hereni ni jozi, piga upya. Na usigeuze picha kushoto-kulia kwenye kompyuta ili itazame ndani. Kito chako hakipo hivyo. Kirudishe mezani ukigeuze.

Hapa ndipo utakapolazimika kutoa kito unachokipenda. Kama kinaharibu safu, kitoe, hata kama kilikuchukua wiki nyingi benchini. Kitaingia kwenye safu nyingine.

Hatua ya 10: Kibanda

Majaji hutazama picha ya kibanda kujua kama vito vitano walivyoviona ni sampuli ya kweli ya kazi yako, na kama unajua kuonyesha kazi yako. Weka kwenye makabati vito vile vile vya picha zako, mahali panapoonekana.

Simamisha hema lako kwenye uwanja wazi siku yenye mawingu au kivulini, bila watu, bila bei, bila bango lenye jina. Hema liwe jeupe, maana hema la bluu au jekundu hupaka rangi kila kilicho ndani. Washa taa za ndani zilingane na mwanga wa nje. Vioo vya makabati vitaakisi anga: sogea pembeni kidogo, au mtu ashike kitambaa cheusi mbele ya kioo nje ya fremu. Kwa kuwa vito havionekani kwa mbali, picha kubwa moja au mbili za kazi yako ukutani husaidia sana. Punguza vitu. Kamera iwe usawa wa macho, ionyeshe kuta tatu, na fremu ikatwe mpaka kwenye kingo za hema ili kusionekane magari na nyaya za jirani.

Hatua ya 11: Maneno na kutuma

Kwenye nafasi ya maelezo andika malighafi, ufundi na vipimo kwa kizio kinachotakiwa na fomu. "Fedha iliyofuliwa kwa nyundo, enameli, sm 4 x 3 x 1" inamsaidia jaji kuliko sentensi kuhusu msukumo wako wa ubunifu. Sema wazi kile unachokifanya mwenyewe: unakata mawe au unayanunua yakiwa yamekatwa, unasuka mnyororo au unautumia ulio tayari. Jibu hilo kwa maneno machache uliyopewa.

Pakia picha siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Kisha zifungue ndani ya mfumo wenyewe, kwenye skrini tofauti na ile uliyohariria, uone kama rangi imebaki, kama hakuna iliyokatwa pembeni, na kama zimekaa kwa mpangilio ule ule ulioupanga. Mfumo ukiwa umezipanga kwa tarehe au kwa jina la faili, zisogeze mpaka mkufu urudi katikati, kisha lipia na utume.